Kupiga mbizi Cape Town: Atlantiki au False Bay?

Cape Town ina pwani mbili za kupiga mbizi, na ni nadra zote mbili kuwa nzuri siku moja. Magharibi mwa rasi kuna Atlantiki: Oudekraal, Llandudno, Hout Bay. Mashariki kuna False Bay, ambayo kwa mpiga mbizi ni hasa ule ukanda unaoanzia Simon's Town na kushuka hadi Smitswinkel Bay. Kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa gari hakuchukui hata saa moja. Mgeni anayekuja na ratiba aliyoipanga tangu nyumbani, Jumamosi huku na Jumapili kule, anajitafutia hasara bure. Njoo na orodha yenye safu mbili, kisha uache upepo ukuchagulie safu ya siku hiyo.

Namwandikia mtu aliyejifunza kwenye maji ya uvuguvugu, tuseme Mafia, Pemba au Watamu, ambaye ana cheti na sasa anataka kuonja msitu wa mwani na maji baridi. Mzoefu wa baridi anaweza kuruka hadi kwenye meli zilizozama.

Upepo kwanza, jina la mahali baadaye

Kiangazi cha huku, Novemba hadi Machi hivi, upepo unaotawala ni wa kusini-mashariki. Huvuma siku tatu nne mfululizo bila kupumua, na wenyeji wameupa jina la Daktari kwa kuwa unafagia hewa chafu ya mji. Ukivuma, unayasukuma maji ya juu ya Atlantiki yaiache pwani, na nafasi yake inajazwa na maji yanayopanda kutoka kilindini. Maji hayo hayajaona jua, kwa hiyo hayana vile vijimea vidogo vinavyoyatia ukungu, na kwa sababu hiyohiyo ni baridi kupindukia. Katikati ya Januari watu wanaota jua Camps Bay kwenye joto la nyuzi 30, na hatua chache mbele yao maji yako nyuzi 10, pengine hata 8, na aliye chini anaona mita 20 mbele yake.

Uzuri huo haukai. Upepo ukilala, virutubisho vilivyopanda pamoja na maji vinakutana na jua, vijimea vinazaana, na siku chache baadaye bahari imekuwa kijani kama mchuzi wa mchicha. Siku ya kwenda Atlantiki ni ile ya kwanza au ya pili baada ya upepo kushuka. Ukisubiri wikendi kwa sababu ya kazi, mara nyingi utakuta wenzako wameshafaidi.

Upepo huohuo ukifika False Bay ni balaa. Unaipiga pwani ya Simon's Town usoni, unaleta mawimbi mafupi yenye hasira na kutimua mchanga. Joto la maji huko wakati wa kiangazi ni nyuzi 17 hadi 21, jambo linalowavutia wageni wengi, lakini joto halikusaidii kama huoni mkono wako.

Majira ya baridi, kuanzia Mei hadi Agosti, kibao kinageuka. Upepo unatoka kaskazini-magharibi, mvua inanyesha, na mawimbi makubwa yanaibomoa Atlantiki. Rasi yenyewe inasimama kama ngome: upande wa Simon's Town upepo unatoka nchi kavu kwenda baharini na maji yanalala. Joto hushuka hadi nyuzi 13 hadi 15, na kuona mita 8 au 10 ni jambo la kawaida, siku njema ni zaidi. Mtu aliyekulia kwenye kaskazi na kusi atalielewa hili haraka, ila asizoee mno: hapa upepo unaweza kugeuka mara mbili ndani ya wiki moja.

Ukinibana nichague upande mmoja tu kwa mgeni, nitasema False Bay, tena majira ya baridi. Atlantiki ikiwa katika ubora wake inaipita kwa mbali, lakini ubora huo huja kwa vipindi vifupi, na mwenye tiketi ya siku tano hana muda wa kuusubiri.

Vifaa: hapa hakuna kubahatisha

Maji huondoa joto mwilini takriban mara 25 kwa kasi kuliko hewa. Suti ya milimita 3 iache nyumbani. Kinachotakiwa ni milimita 7, ikiwezekana ya vipande viwili vinavyopandana kifuani, pamoja na kofia, glavu na viatu. Kumbuka pia kwamba suti hiyo hubanwa na kina: ile joto uliyokuwa nayo juu inapungua ukifika mita 20. Suti kavu ni bora zaidi kwa Atlantiki, lakini usiivae kwa mara ya kwanza kwenye boti linaloyumba. Ifanyie mafunzo kwanza.

Suti nene inaelea sana, kwa hiyo utahitaji vipande vingi vya risasi, ile metali nzito ya kukuzamisha, kiunoni kuliko ulivyozoea. Pima uzito wako kwenye maji mafupi kabla ya kitu kingine chochote.

Jambo moja ambalo wageni wengi hawalijui: geuza kidhibiti chako cha hewa usome maandishi yaliyochongwa pembeni. Kikiandikwa EN 250, kiwango cha Ulaya cha vidhibiti, pamoja na alama ya >10 °C, maana yake hakikupitishwa kwa maji yaliyo chini ya nyuzi 10. Kwenye False Bay kitakufaa. Kwenye Atlantiki ya Januari kinaweza kuganda na kuanza kumwaga hewa bila kukoma, na mtungi unaisha huku unautazama. Azima au kodi cha maji baridi.

Pa kuanzia: Long Beach, Windmill au A-Frame

Long Beach ya Simon's Town ndipo walimu wengi huwapeleka wanafunzi wao. Unaingia kwa miguu kupitia mchanga, kituo cha treni kiko karibu, na chini ni tambarare. Kwa macho ya haraka hapana kitu: mchanga, bomba kuukuu, vyombo vidogo vilivyozama. Ukitulia utaona taa waliojifukia na dome wakibadilisha rangi. Mabaki ya Bato, manowari ya Waholanzi iliyoishia hapo mwaka 1806, yamelala kwenye maji mafupi kiasi kwamba hewa yako haiishi upesi. Nenda Long Beach kupima uzito na kuzoea glavu. Kwa ajili ya mandhari, nenda kwingine.

Windmill Beach iko mbele kidogo, karibu na pengwini wa Boulders. Ni ghuba ndogo iliyozungukwa na mawe makubwa ya matale, nzuri kwa mwenye familia ambayo nusu itabaki ufukweni. Bahari ikichafuka kidogo tu, kutoka majini kati ya yale mawe kunakuwa kazi.

Mimi nawapeleka watu A-Frame, kwenye ncha ya Oatlands. Ni mwendo mfupi kutoka ufukweni hadi kwenye jiwe kubwa linalochomoza juu ya maji, kina ni cha mita 10 hivi, na ndani ya eneo hilo dogo pamejaa karibu kila kitu ambacho pwani hii inacho. Mwani unaoanzia kwenye miamba na kufika hadi juu ni wa aina ya Ecklonia maxima: bua lake lina uwazi ndani na juu kuna tufe la gesi linaloushikilia wima. Usijaribu kuogelea juu yake, utachoka na kunasa. Shuka chini ya majani, upite kati ya mabua kama mtu anayepita kwenye shamba la minazi. Bua likikukamata mtungi, usilivute; likunje mpaka livunjike.

Chini ya lile jiwe kuna upenyo unaopitika kutoka upande mmoja hadi mwingine. Tia tochi kwenye nyufa za pembeni kabla hujapita. Mara nyingi kuna papa wa mistari wamelala pale, wamerundikana wawili watatu, weusi kwa weupe kama pajama ambayo ndiyo imewapa jina, na hawana habari na wewe. Kwenye miamba ya nje kuna papa mwingine mdogo zaidi, asiyefika mita moja. Ukimsogelea anajikunja mviringo na kufunika macho yake kwa mkia. Anaona haya, ndivyo wanavyosema. Usimshike ili afanye hivyo kwa ajili ya picha.

Kwa mtu wa kwanza kwenye maji baridi, A-Frame inaishinda hata miamba ya kina kirefu ambayo picha zake zimejaa mitandaoni. Uko karibu na ufuko, ukitetemeka unatoka.

Miamba: Castle Rocks dhidi ya Oudekraal

Hapa ndipo ulinganisho unapokuwa mgumu, kwa sababu yote mawili ni mazuri kwa namna isiyofanana.

Castle Rocks iko kusini mwa Miller's Point, ndani ya eneo la hifadhi ambalo hairuhusiwi kuvua chochote. Unaona tofauti mara tu unaposhuka: samaki ni wakubwa na hawaogopi. Roman, samaki mwekundu wa machungwa mwenye mkanda mweupe mgongoni, atakufuata mbizi nzima akichungulia unachokitazama. Miamba imefunikwa na matumbawe laini, viti vya pweza na sponji za rangi zote. Unaweza kuingia kwa miguu, lakini njia ya kushuka na mtungi mgongoni inachosha, na kwa boti unafika miamba ya nje iliyo na kina zaidi. Ukienda kwa gari, funga milango kwa ufunguo na usiache chakula kinachoonekana. Nyani wa barabara ile wanajua kufungua mlango wa gari.

Oudekraal ni Atlantiki, chini ya milima ya Twelve Apostles. Justin's Caves si mapango hasa. Ni mawe makubwa mno ya matale yaliyoegemeana na kuacha vichochoro vya kupenya, kina kikiwa mita 8 hadi 15. Coral Gardens iliyo jirani inakwenda chini zaidi, mita 20 na ushei. Siku maji yakiwa safi, mwanga unaopenya katikati ya mawe hayo na mabua ya mwani hauna mfano False Bay nzima. Kambakoche wamejaa kwenye nyufa, na konokono wasio na gamba wa rangi kali wako kila mahali kwa anayejua kutazama polepole. Tafuta pia yule ndugu wa kiti cha pweza ambaye mikono yake hugawanyika tena na tena hadi inafanana na mzizi. Mchana hujikunja juu ya matumbawe ya upepeo na ni rahisi kumpita. (Ukiuliza njia, taja Oudekraal. Kuna Coral Gardens nyingine Rooi-els, ng'ambo ya False Bay, na si watu wote watakaokuuliza unamaanisha ipi.)

Shida ya Oudekraal ni mawimbi mapana ya kusini-magharibi. Bahari inaweza kuonekana shwari kutoka barabarani, na ukifika kwenye kichochoro maji yanakusukuma mita mbili mbele na kukurudisha mita mbili nyuma. Usiangalie upepo peke yake. Soma utabiri wa mawimbi, na yakizidi mita mbili na nusu, mimi siingii kwenye nyufa za Atlantiki.

Kwa hiyo: samaki na maisha ya hifadhi, Castle Rocks. Mwanga, mawe na maji maangavu, Oudekraal, ukivumilia baridi. Mwenye kamera atachagua ya pili bila kufikiri mara mbili.

Sili: Duiker Island au Partridge Point

Duiker Island, nje kidogo ya Hout Bay, ina maelfu ya sili. Safari ya boti ni fupi, kina ni cha mita chache tu, na wanakuja wenyewe, wanazunguka, wanapuliza mapovu usoni kwako. Maji huwa na kinyesi na harufu, na kuna msukosuko. Partridge Point, upande wa False Bay, ina sili wachache lakini maji matulivu zaidi, na ukimalizana nao kuna miamba mizuri jirani ya kumalizia hewa yako. Ukitaka wingi, Duiker. Ukitaka mbizi kamili, Partridge.

Lakini jambo hili ni zito kuliko ulinganisho wenyewe: Juni 2024 ilithibitishwa kwamba kichaa cha mbwa kimeingia kwa sili wa pwani hii. Usiwaguse, usinyooshe mkono, na ukiona mmoja mwenye fujo isiyo ya kawaida, panda botini. Ukiumwa, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, nenda hospitali siku hiyohiyo ukachomwe chanjo. Kwa kweli mimi kwa sasa sili nawatazama kwa mbali, wanaponipitia nikiwa kwingine.

Meli zilizozama

Meli karibu zote za False Bay zinazopendwa zilizamishwa makusudi, na za Atlantiki nyingi zilizama kwa ajali. Tofauti hiyo utaiona chini.

SAS Pietermaritzburg ilizamishwa mwaka 1994 karibu na Miller's Point, kwenye kina cha mita 22 hivi. Kabla ya kuwa ya Afrika Kusini ilikuwa HMS Pelorus, meli ya Uingereza ya kufagia mabomu ya baharini, iliyoshiriki kusafisha njia ya majeshi yaliyoteremka Normandy mwaka 1944. Imeliwa na kutu na inaendelea kuporomoka, kwa hiyo izunguke kwa nje. Ni meli ya kwanza ninayompendekezea mtu mwenye cheti cha juu.

Smitswinkel Bay kuna meli tano, na zote ziko kina cha mita 30 hadi 36: manowari mbili, Good Hope na Transvaal, zilizozamishwa mwaka 1978, Rockeater, iliyokuwa ikitafuta almasi baharini, na meli mbili za uvuvi, Princess Elizabeth na Oratava. Good Hope ndiyo inayotajwa zaidi, nami nakubaliana na wanaoitaja: imefunikwa na matumbawe ya upepeo. Lakini mita 34 kwenye nyuzi 13 si mahali pa kujifunzia. Muda ni mfupi, akili inalegea kwa naitrojeni, na suti imebanwa kuwa nyembamba. Nenda ukiwa umeshazoea baridi kwenye kina kifupi.

Upande wa Atlantiki, Aster ilizamishwa Hout Bay mwaka 1997 kwa ajili ya wapiga mbizi wenyewe, kwenye mita 28 hivi, na iliandaliwa isiwe na mitego. Maori ndiyo ninayoipenda. Iligonga mwamba mwaka 1909 karibu na Llandudno ikielekea New Zealand, na shehena yake ilikuwa ya kila namna: baruti, reli, mabomba ya maji, vyombo vya udongo, mvinyo. Vigae vya vyombo na mabomba bado yanaonekana kati ya mawe, kina kisichozidi sana mita 20. Viache hapohapo, meli yenye zaidi ya miaka 60 inalindwa na sheria ya urithi ya nchi hiyo. Tatizo ni kwamba Maori imekaa mahali pasipo na kinga. Inahitaji upepo sahihi, mawimbi madogo, na nahodha mwenye subira, vyote siku moja.

Waliokuja kwa ajili ya papa wakubwa

Pyramid Rock, jirani na Castle Rocks, ilikuwa maarufu duniani kwa papa wenye mianya saba ya matamvua, wanyama wa mita mbili na zaidi waliokuwa wakipita kati ya mwani bila haraka. Kisha kuanzia mwaka 2015 mizoga yao ikaanza kupatikana pale, maini yamenyofolewa. Waliofanya hivyo ni nyangumi wauaji. Papa waliobaki wakahama. Matangazo ya zamani bado yako mtandaoni, kwa hiyo uliza kwanza mwenye boti kama wameonekana mwezi huu. Pyramid bila papa ni mwamba mzuri, lakini Castle Rocks ni mzuri zaidi.

Kibali, na siku isiyo na upande

Karibu sehemu zote nilizozitaja zimo ndani ya hifadhi ya bahari ya Table Mountain, iliyotangazwa mwaka 2004, na kupiga mbizi humo kunahitaji kibali. Wenye maduka ya kuzamia watakueleza pa kukipata. Kiwe mkononi kabla ya siku yenyewe.

Zipo pia siku ambazo upepo umegeuka asubuhi, mawimbi ya juzi hayajaisha, na pande zote mbili ni mbovu. Usilazimishe kwa sababu umelipa hoteli. Two Oceans Aquarium, nyumba ya maonyesho ya viumbe wa baharini iliyopo V&A Waterfront, imekuwa ikipokea wapiga mbizi wenye vyeti, na tangi lao la msitu wa mwani ni refu la kutosha kukupa ladha yake: mabua yaleyale, samaki walewale, bila wimbi. Piga simu mapema, nafasi ni chache.